Mjadala: Malenga kwenye kikosi cha Dungeons & Dragons, ni nguzo au mzigo?

Mleta mada:
Wakuu, kwenye mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, kila kikosi kipya kinapoundwa nasikia kauli ileile kuhusu malenga, mhusika anayetumia sanaa na uchawi kusaidia wenzake: anagusa kila kitu na hamalizi chochote, mshika mawili moja humponyoka. Napinga kwa moyo wote. Wanaosema hivyo wanamtazama kwenye zamu yake, wakati kazi yake inaonekana kwenye zamu za wenzake.

Chukueni kanuni za toleo la tano, za mwaka 2014. Malenga humpa mwenzake dadu ya hamasa, ya pande 6 mwanzoni, na hukua hadi pande 12 mhusika wake afikapo ngazi ya 15 ya ukuaji. Aliyepewa hurusha kwanza dadu kuu ya pande 20, akaona kilichotoka, ndipo akaamua kama aongeze ile ya hamasa kabla msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, hajatangaza matokeo. Kwa hiyo mwenye 19 mkononi haipotezi bure. Kila alama ya dadu kuu ni asilimia 5 ya nafasi ya kufaulu, na dadu ya pande 6 huleta wastani wa alama 3 na nusu. Pigeni hesabu wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hesabu sikatai, ila kuna kitu umekiruka. Idadi ya dadu za hamasa hutegemea mvuto, mojawapo ya alama za uwezo wa mhusika: malenga mwenye mvuto wa 16 ana dadu 3 tu, na katika ngazi ya 1 hadi ya 4 akizimaliza hazirudi mpaka mapumziko marefu. Uchawi wake mwingi nao unadai umakini, yaani aushikilie ili uendelee kufanya kazi, hawezi kushikilia miwili kwa pamoja. Mpiganaji hachoki kupiga upanga. Nipeni mpiganaji wa pili.

Mchangiaji wa pili:
Sifa mbaya ya malenga ni ya kurithi. Kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978 ulilazimika kuanza kama mpiganaji, uhamie wizi, ndipo uingie umalenga. Toleo la tatu, mwaka 2000, likamfungia uchawi wake kwenye daraja la 6 (daraja ni nguvu ya uchawi, si ngazi ya mhusika). Toleo la tano limemfikisha daraja la 9, sawa na mchawi, lakini watu bado wanambeza yule wa zamani.

Mleta mada:
Hoja ya ngazi za mwanzo naikubali, pale malenga ana njaa ya dadu kweli. Lakini swali la "baada ya hapo anafanya nini" lina jibu. Ana kejeli ya kichawi isiyoisha: inaumiza kidogo, dadu ya pande 4 tu, ila adui akishindwa kuistahimili, shambulio lake linalofuata anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Jitu linalokaribia kumaliza mwenzenu linaweza kukosa. Hilo halionekani kwenye orodha ya madhara, na ndiyo maana watu hawalihesabu.

Halafu mpiganaji wako wa kwanza akianguka, yule wa pili atamfanyia nini? Malenga aliyejifunza neno la uponyaji humwinua akiwa umbali wa futi 60, kwa tendo la ziada lisilokula tendo kuu la zamu, na kejeli yake bado ipo kwenye zamu hiyohiyo.

Na mapigano si mchezo wote. Kuanzia ngazi ya 2 anaongeza nusu ya alama zake za umahiri kwenye kila jaribio la uwezo asilolisomea: kufuata nyayo, kufungua mlango, kumsoma mwongo. Kwenye ngazi ya 10 anachagua uchawi miwili kutoka kwa aina yoyote ya mhusika. Pengo lolote lililobaki kikosini, hapo ndipo analiziba.

Kikosi cha watu 5 chenye kuhani na mchawi tayari, sawa, nafasi yake tubishane. Kikosi cha watu 3, namchukua malenga kabla sijauliza wengine wanacheza nini. Anayempendelea mpiganaji wa pili hapo aje na sababu zake.