Naomba ushauri: nichague televisheni ipi msimu huu wa punguzo la sikukuu?

Ndugu zangu, naombeni ushauri wenu kabla punguzo la bei halijaisha. Televisheni yetu ya inchi 32 imeanza kuonyesha mstari mweusi wima upande wa kulia, na mama yangu, ambaye macho yake yamepungua nguvu, hulazimika kusogeza kiti hadi karibu kabisa na kioo ili asome maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Jambo hilo linaniumiza kila jioni.

Kutoka kwenye kochi hadi ukutani ni mita 2.5, hivyo nafikiria inchi 55 yenye ubora wa 4K (picha yenye nukta nyingi, hivyo huwa kali zaidi). Kinachonitatiza ni aina ya kioo. Katika OLED, yaani kioo ambacho kila nukta ya picha hutoa mwanga wake, kila nukta hujizima yenyewe, ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli. Lakini nembo ya kituo ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu inaweza kuacha alama ya kudumu, na mama hufungulia kituo kimoja kutwa nzima, tena mbele ya dirisha kubwa. Je, kwa matumizi hayo, LED (kioo kinachoangaziwa na taa za nyuma yake) yenye mwanga mkali si salama zaidi?

Vilevile, nitatambuaje modeli zinazotengenezwa mahususi kwa msimu wa punguzo, ambazo kwa sura hufanana na za kawaida ilhali zina matundu machache ya HDMI (ya kuchomekea waya wa king'amuzi na vifaa vingine) au mwanga hafifu? Kulinganisha namba ya modeli herufi kwa herufi kunatosha, au kuna kingine cha kukagua kabla sijalipa?