Mchapishaji kaniharibia riwaya ya Maji Maji halafu anataka mimi ndo nilipie kurekebisha!

Wakuu habarini. Jina la kampuni silitaji kwa sasa maana mkataba bado unanifunga, ila nina hasira hata sijui nianzie wapi.

Hii ni riwaya yangu ya kwanza, inatokea Umatumbi huko nyuma ya Kilwa, 1905 mpaka 1907. Nimekaa na wazee, nimesoma kila nilichopata. Juzi naletewa prufu nipitie kabla haijaenda kuchapwa, nafika sura ya pili, pale bibi anafungua fundo kwenye ncha ya kaniki ahesabu heller zake, zile sarafu ndogo za Mjerumani, aone kama zinatimia rupia 3 za kodi ya nyumba, nakuta eti anahesabu SHILINGI! Shilingi ya Afrika Mashariki imeanza 1921, Mjerumani kashaondoka, na bibi mwenyewe kwenye hadithi kafa kwa njaa 1907. Nasogea mbele, akida, yule wakala wa serikali ya Mjerumani, kageuzwa "mtendaji wa kata". Akida yule yule anayesimamia watu wanachapwa viboko kwenye shamba la pamba!

Nampigia mhariri ananijibu "tumerahisisha ili kijana wa leo aelewe". Kijana gani huyo? Akida na jumbe si wanafundishwa shuleni?

Na msiseme ni vitu vidogo. Vita ilianza Julai 1905 pale Nandete watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa, pamba ambayo mkulima alikuwa anailima na malipo ya maana hayaoni, huku kodi inamsubiri. Ukifuta rupia ukafuta akida, kinachobaki ni watu walioamini maji ya dawa yatawakinga wakakimbilia risasi, basi, na hiyo ndo hadithi aliyotaka mkoloni tuisimulie. Mbona Kinjikitile, mganga aliyegawa hayo maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndo kwanza changa, na watu hawakurudi majumbani? Wangoni wameingia baada ya hapo. Walikuwa na sababu zao, na Mjerumani hakuwamaliza kwa bunduki peke yake, alichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Jalada sasa. Wameweka morani wa Kimaasai na shuka jekundu, nyuma yake mlima wenye theluji. Umatumbi jamani!

Nimewaambia warudishe maneno yangu, wananitumia kipengele kwamba marekebisho baada ya prufu ni gharama ya mwandishi, tena wanahesabu kwa ukurasa. Yaani mmebadilisha nyie, bila kuniuliza, bili niletewe mimi?

Prufu sijasaini na sisaini. Aliyewahi kuvunja mkataba wa namna hii aniambie, muswada unarudi kwako au unabaki kwao? Na kama kuna mwanasheria humu anayejua mambo ya hakimiliki naomba aje PM, wananipigia kila siku wanataka jibu.