PCB, nataka maabara: BMLS, Biolojia ya Molekuli ya UDSM au nivuke mpaka?

Binti_Kondoa
Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB: Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Ninachokipenda ni magonjwa yenyewe, hasa vimelea na damu. Kazi ya wodini hainivutii.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni Sayansi ya Maabara ya Tiba, yaani BMLS, pale MUHAS (Muhimbili) au Bugando. Ya pili ni Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, Mlimani). Ya tatu ni kwenda kwa mjomba Kisumu nisome Sayansi ya Biomedikali Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya. Baba anasema zote ni maabara, nichukue yenye ada nafuu. Ni kweli?

Fundi_Slaidi
Marahaba mdogo wangu. Zinafanana darasani, ila ukifika kazini ni vitu viwili tofauti.

Niko maabara ya hospitali ya wilaya. Huku hupimi sampuli ya mgonjwa kwa sababu tu unajua kupima. Kuna sheria ya mwaka 2007 na kuna Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na bila usajili wao huwezi kuajiriwa kwenye maabara ya tiba. BMLS imetengenezwa kwa ajili ya usajili huo: unamaliza chuo, unakwenda intanshipu mwaka mmoja, unasajiliwa.

Kazi yenyewe ikoje? Chukua kipimo cha malaria cha hadubini. Unaweka tone zito la damu kwenye slaidi, linakauka, unalitia rangi ya Giemsa, unadondosha mafuta na kutazama kwa lenzi ya mia. Kabla hujaandika kwamba hakuna vimelea, lazima uwe umepitia sehemu mia moja za slaidi ile. Ukiviona, unahesabu sambamba na chembe nyeupe za damu hadi zifike 200. Vimelea 50 kwa chembe nyeupe 200, ukichukua kadirio la chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita, ni vimelea 2,000 kwa kila mikrolita ya damu. Wakati huo mama yuko nje kwenye benchi, mtoto anachemka, na daktari hataandika dawa mpaka karatasi yako ifike. Mimi naipenda kazi hii kwa sababu hiyo. Kama na wewe unataka kujua kwamba jibu lako limemfikia mtu leo leo, njoo huku.

Pipeti_Mlimani
Fundi kaeleza vizuri upande wake, acha niseme wa kwetu. Nimesoma hiyo ya UDSM na sasa niko kwenye utafiti wa malaria. Sisi hatutazami kama vimelea vipo. Tunatoa vinasaba vyake, tunavizidisha kwa PCR, yaani kuvinakili mara nyingi kwa mashine, na kusoma kipande tunachokitaka. Mfano ni jeni ya kelch13. Badiliko lake liitwalo R561H limeonekana Rwanda na kwetu Kagera, nalo linahusiana na vimelea kustahimili artemisinini, uti wa mgongo wa dawa mseto tunazotumia. Kazi hii inaamua dawa ya taifa zima, lakini mgonjwa mwenyewe humwoni.

Sasa ukweli wa mfukoni. Ajira nyingi ni za miradi. Fedha za mfadhili zikiisha, mkataba nao umeisha. Na bila shahada ya uzamili utabaki msaidizi muda mrefu, kwa hiyo panga safari ya miaka mitano au zaidi, usipige hesabu ya mitatu.

Nyakwar_Ziwa
Salamu kutoka Kisumu. Maseno ni miaka minne, na hapa uko karibu na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kwa hivyo ukitaka kuona utafiti kwa macho umefika. Lakini dada, huku pia tuna bodi yetu ya maabara, iko kisheria tangu 1999, na huangalia programu kwa programu. Kabla mjomba hajalipa karo, waulizwe kwa maandishi kama kozi hiyo iko kwenye orodha yao. Halafu ujue ukirudi Tanzania utahitaji TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, waitambue shahada na Baraza lenu likukubali. Si kikwazo, ila ni milango miwili ya ziada.

Mama_Ilala
Mwanangu, kama unaichukua biomedikali ukidhani ni ngazi ya udaktari, acha. Kwetu MD, shahada ya udaktari, inaingiwa moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Na usichanganye na uhandisi wa vifaa tiba, ule ni wa mashine.

Mbeba_Sampuli_UK
Nyongeza kutoka Uingereza: huku nako mambo ni yale yale. Shahada ya biomedikali iliyoidhinishwa na IBMS, taasisi ya wanasayansi wa biomedikali, haitoshi peke yake. Lazima ufanye mafunzo kwenye maabara iliyokubaliwa, ukamilishe jalada la ushahidi wa umahiri, ndipo HCPC, baraza la kusajili wataalamu wa afya, wakusajili. Cheo chenyewe kinalindwa kisheria. Anayeota kuja huku atunze silabasi na matokeo ya kila somo, ataulizwa.

Binti_Kondoa
Asanteni sana. Swali moja: nikianza BMLS, naweza kuhamia utafiti baadaye?

Pipeti_Mlimani
Unaweza. Maabarani kwetu wapo kadhaa waliotoka BMLS, na mikono yao ni mizuri kuliko yetu tulipoanza. Uzamili ndio unaowavusha. Kutoka kwetu kwenda kusajiliwa hospitali ndiko kugumu. Kwa hiyo kwako wewe, ambaye hujaamua, mimi wa Mlimani nakwambia anza BMLS.

Fundi_Slaidi
Naunga mkono. Fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, soma mstari wa sifa za kila chuo kimoja kimoja, maana hiyo D ya Fizikia haipokelewi kwa namna moja kila mahali. Ukishapata orodha iweke hapa kabla hujatuma maombi, tuipitie pamoja. Na mwambie baba ada ailinganishe na mkopo wa Bodi ya Mikopo, asiiangalie peke yake.