Msaada: SUV ya kifahari yenye mbio, nafasi na sura. Vyote vitatu vinapatikana?

Mfukuza Upepo (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Nisaidieni kabla sijaingia mkenge. Natafuta SUV ya kifahari, ya kwanza maishani. Mimi napenda gari linaloshika kona. Mwenzangu anataka nafasi: watoto watatu, wawili bado wanakaa kwenye viti vya watoto. Na wote wawili, tuseme ukweli, tunataka gari ambalo ukishuka unageuka kulitazama. Nimeangalia BMW X5 na X6, Porsche Cayenne na Volvo XC90 mpaka macho yamechoka. Kila muuzaji anasema lake ndilo la kispoti. Huo uspoti uko wapi hasa? Injini? Rimu? Au stika tu?

Kona Kali:
Mkuu, injini isikudanganye. Kukimbia kwenye njia iliyonyooka kila mtu anaweza. Kazi ipo kwenye kusimama na kukata kona na tani mbili zilizokaa juu juu. Gari la kwenda juu likilala kwenye kona, matairi ya upande wa ndani yanapoteza mshiko. Porsche walipotoa Cayenne mwaka 2002 mashabiki wao wengi walinuna, lakini wahandisi walijua shida iko wapi. Ile ya kizazi cha tatu, ya 2017, inaweza kuwekewa stabilaiza (vyuma vinavyozuia bodi kulala) zenye mota za umeme wa volti 48: ukiingia kona, mota inapinda stabilaiza kinyume na mlalo wa bodi. Uspoti uko hapo, kwenye breki kubwa, na kwenye usukani ambao mkono unaisikia barabara.

Mama Watatu:
Nyie wa kona mtatuua. Mleta uzi, nafasi haipimwi kwa lita za buti kwenye karatasi. Beba viti vya watoto, nenda navyo, vifunge. Hivyo viwili pamoja na mtoto wa tatu vinaenea safu moja? Ukishavifunga, unafika safu ya tatu bila kuving'oa? Na hiyo safu ya tatu kwenye magari mengi ni ya kupigia picha: mtu mzima magoti yanagusa kidevu, na ukiinyanyua, buti linabaki la mkoba tu. XC90 niliipendea kitu kidogo: tangu ile ya 2002, kiti cha kati cha safu ya pili kiliweza kuja na kikalio cha kumwinulia mtoto, kimefichwa humo humo ndani ya kiti. Aliyebuni hicho analea, si bure. X5 nayo mlango wa buti umegawanyika, kipande cha juu na cha chini. Cha chini unakikalia ukimfunga mtoto viatu.

Dereva Mpole:
X6 ni X5 iliyobonyezwa kisogo. Nimemaliza.

Kona Kali:
Hahaha! Ila kweli, paa likishuka mapema, vichwa vya wa nyuma na mizigo ndiyo vinaumia.

Fundi wa Zamu:
Kwenye sura ndiko watu wanakojichoma. Tazameni Range Rover ya kwanza, ya 1970: mistari michache, vioo vikubwa, na mpaka leo haijachuja. SUV inabebwa na uwiano: matairi yanayojaza bodi, boneti ndefu, pua isiyoning'inia mbele ya tairi. Ndiyo maana wanakushawishi rimu kubwa. Sasa piga hesabu. Tairi la 275/40 R22: 275 ni upana kwa milimita, 40 ni ubavu kwa asilimia ya upana huo, 22 ni inchi za rimu, kwa hiyo ubavu wake ni milimita 110. La 255/55 R18 ni milimita 140. Hizo 30 zinazopungua ndizo zilikuwa mto kati ya shimo na rimu yako. Nimenyoosha rimu za inchi 22 mpaka nimezichoka. Shuka saizi moja au mbili, gari halitakuwa baya. Jingine: kama limeshatumika na lina springi za upepo, liache limezimwa usiku kucha. Asubuhi ukilikuta limeinama upande mmoja, kuna mpira wa springi unavuja, na kompresa inayoujaza upepo imeshateseka kitambo.

Mfukuza Upepo:
Fundi, umenishtua. Nililoliona juzi lilikuwa limeinama nyuma kulia. Muuzaji akasema sakafu ndiyo haiko sawa.

Fundi wa Zamu:
Mwambie aligeuze, alipaki lilikoangalia upande wa pili. Likiinama tena kona ile ile ya gari, sakafu haina kosa.

Mama Watatu:
Na ubebe viti vya watoto.

Mfukuza Upepo:
Jumamosi naenda navyo vyote viwili. Nitaleta mrejesho hapa hapa.