Ross Barnes kunyimwa Jumba la Heshima la besiboli: uonevu au sheria ni msumeno?

Wadau, kule Cooperstown, Marekani, mchezaji asiyefikisha misimu 10 haingii Jumba la Heshima. Ross Barnes alicheza 9, kati ya 1871 na 1881. Basi, mlango umefungwa. Mimi naona ni uonevu mtupu.

Huyu ndiye aliyekuwa mlinzi wa besi ya pili Boston ilipobeba ubingwa mara 4 mfululizo, 1872 hadi 1875. Mwaka 1876 akahamia Chicago, Ligi ya Taifa ndiyo kwanza inaanza, na homurani (pigo la kuzunguka besi zote) ya kwanza ya ligi hiyo akaipiga yeye, Mei 2. Alimaliza msimu na wastani wa upigaji wa .429, yaani karibu mapigo 43 ya kufika besi katika kila zamu 100 za kupiga. Mechi 66, mikimbio (pointi) 126! Mwaka uliofuata homa ikamlaza, akacheza mechi 22 tu. Klabu ikamkata mshahara wa siku alizougua. Akaenda mahakamani, akashindwa. Wenzake wa Boston, Al Spalding, Deacon White, Harry Wright na mdogo wake George, wote wamo. Yeye nje.

— Mkuu, mbona umeruka kanuni? Jamaa alikuwa anaugonga mpira udunde ndani ya mstari kisha uchepukie nje. Enzi hizo ulihesabiwa halali, hivyo walinzi wakiukimbiza huko pembeni, yeye keshafika besi. Kanuni ikabadilishwa 1877, na mwaka huohuo akashuka hadi .272. Homa peke yake? Halafu hao uliowataja, ni White tu aliyeingia kama mchezaji, na alicheza misimu 20. Tena misimu 5 ya mwanzo ya Barnes, ile ya Boston kabla ya Ligi ya Taifa, ni ya ligi ambayo MLB, chombo kinachosimamia besiboli ya kulipwa Marekani, haiitambui kuwa ligi kuu.

— Kanuni ilikuwa ya wote, mbona wengine hawakupiga .429? Na hiyo sheria ya misimu 10 walishailegeza. Addie Joss, mrushaji wa Cleveland, alicheza 9, akafariki 1911, wakamwingiza 1978. Kumbe Barnes kosa lake ni kupona!

— Joss alifariki akiwa bado mchezaji, hatukupata kumwona akichoka. Barnes alirudi, Cincinnati 1879 na Boston 1881. Alipewa nafasi mbili, na hata .300 hakuigusa tena.

— Alirudi akiwa mgonjwa aliyepona nusu, ndugu yangu. Unampima kwa hilo?