Kwa nini themometa haikusimama kwenye 0 barafu ilipokuwa inayeyuka?

Bika_250
Wakuu, naomba msaada. Gramu 200 za barafu ndani ya bika (chombo cha kioo cha maabara), moto mdogo chini, usomaji kila dakika 1. Barafu ikifika nyuzi 0 halijoto inatakiwa isimame hadi yote iyeyuke. Hapa ilikaa 3, ikapanda 5, ikarudi 2. Vipande viliisha baada ya dakika 11, ndipo maji yakaanza kupanda, yakachemka kwenye 96. Joto la dakika zote hizo 11 lilikwenda wapi? Na themometa ni mbovu?

Yabisi
Joto halijapotea, mkuu. Ndani ya barafu kila molekuli imeshikwa na jirani zake, inatetemeka palepale. Themometa inapima ukali wa mwendo wa molekuli, basi. Barafu ikianza kuyeyuka, joto linaloingia linatumika kuvunja mshikamano huo wala haliongezi mwendo, kwa hiyo namba haipandi. Ndiyo maana linaitwa joto fiche.

Kila gramu 1 ya barafu inahitaji jouli 334 kuwa maji ya nyuzi 0. Gramu 200 ni jouli 66,800. Kuyatoa maji hayo 0 hadi 100 ni takriban 84,000, na kuyageuza yote kuwa mvuke ni 452,000! Kwenye kuchemka molekuli lazima ziachane kabisa, ndiyo maana gharama ni kubwa hivyo.

Hapo una njia ya kujikagua: kama kuyeyuka kulichukua dakika 11, kupanda hadi 96 kungechukua kama 13. Ikifika 18, bika inavujisha joto hewani.

Mkorogo
Tatizo ni kukoroga, themometa msiisingizie bado. Maji ni mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo yaliyopata joto kidogo hutulia chini huku barafu ikielea juu. Balbu ya themometa (ile ncha ya chini) ikiwa karibu na kitako cha bika, inasoma maji ya chini, tena yaliyo jirani na moto.

Ponda barafu iwe ukubwa wa punje za mahindi. Balbu ikae katikati, isiguse kitako wala ukuta. Koroga mfululizo kwa kijiti cha kioo. Ukikorogea themometa utaivunja. Usomaji wa chini ya 0 usiuamini sana kama ulitumia mapande makubwa, maana balbu inakuwa imekaa kwenye hewa kati ya vipande.

Themometa ipime peke yake: barafu iliyopondwa, maji kidogo ya kujaza nafasi, koroga, subiri dakika 3. Ikionyesha 1, toa 1 kwenye usomaji wa jirani na 0.

Mvuke_Mkavu
Hiyo 96 inaweza kuwa sahihi kabisa. Maji huchemka kwenye 100 usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, toa nyuzi 1. Mita 1,200 inakupa 96.

Angalieni pia mapovu madogo yanayoshika ukuta wa bika maji yakiwa bado vuguvugu. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Kuchemka ni pale mapovu makubwa yanapotoka chini na kufika juu bila kufa njiani.

Bika_250
Asanteni sana. Nta ya mshumaa nayo haikusimama popote, ililainika polepole tu. Ni kukoroga tena?

Yabisi
Hapana, hiyo ni nta yenyewe. Ni mchanganyiko wa molekuli za urefu tofauti, kila aina inaachia kwa halijoto yake. Kitu safi ndicho kinachosimama wazi. Tumia asidi ya steariki (kitu cheupe kigumu kama nta): mrija wenye gramu 10, uuweke kwenye maji ya nyuzi 85, usiuchome moto moja kwa moja. Ikiyeyuka yote, toa mrija, iache ipoe ukisoma kila nusu dakika. Itasimama karibu na 69. Ikishuka chini ya hapo kisha ikapanda yenyewe, ilichelewa kuganda. Irudie ukikoroga taratibu.

Mkorogo
Na ikishaganda usivute themometa, itavunjika. Rudisha mrija kwenye maji ya moto kwanza.