Naomba ushauri: mdogo wangu kavunjika mguu na sigara haachi

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, alipata ajali akavunjika muundi, mfupa ukatoboa ngozi. Amefungwa vyuma vya nje. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: usipoacha sigara mfupa utachelewa kuunga, au usiunge kabisa, na kidonda kitapata maambukizi kirahisi. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, moshi nao unapunguza oksijeni. Sasa mfupa utajijenga kwa kitu gani? Na muundi kwa mbele hauna nyama, damu yake ni chache hata kwa asiyevuta.

Yote hayo anayaelewa. Shida ni usiku, maumivu yakichanganyika na mawazo ya mkopo wa pikipiki. Anamtuma mtoto wa jirani dukani, sigara moja moja. Mama akimsema, ananuna na chakula hali.

Sitaki kumfokea mgonjwa. Mliowahi kuuguza mvutaji, na nyie manesi na madaktari wa mifupa, mlianzia wapi? Kupunguza kidogo kidogo kunasaidia, au ni kuacha moja kwa moja? Na vile vibandiko vya nikotini, aliyevunjika mfupa anaruhusiwa?